Ungwana na Uhuru: Maneno Mawili ya Pwani katika Kazi na Nyaraka za Profesa Luigi Broglio

1.0 Utangulizi

Makala haya yalianza na swali dogo. Mwalimu mmoja wa fizikia anayefundisha Maramba, wilayani Mkinga, alimwonyesha mwandishi ukurasa wa orodha ya vyanzo vya mionzi ya eksirei angani. Kila chanzo kilitanguliwa na alama ile ile: 4U 0115+63, 4U 1700-37, na kuendelea. Tarakimu za nyuma hazikumsumbua. Zinaonyesha mahali pa chanzo angani, kama vile latitudo na longitudo zinavyoonyesha mahali pa mji duniani. Nne alikisia kuwa ni toleo la nne la orodha, na alikisia vyema. Iliyomshinda ni U. Wanafunzi wake alikuwa amekwisha waambia kwamba huenda ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya ulimwengu.

Sivyo. U hiyo ni ya neno la Kiswahili, uhuru. Kila mnajimu wa eksirei, awe Tokyo au Cambridge, anapoandika jina la chanzo kilichomo katika orodha hiyo huandika herufi ya kwanza ya neno letu, na aghalabu hajui kwamba amefanya hivyo. Mwalimu wa Maramba naye hakujua, ingawa neno hilo hulitamka kila siku.

Lengo la makala haya ni kufuatilia jinsi neno hilo lilivyofika huko. Njia yake inapitia katika kazi ya mtu mmoja, Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, mhandisi wa vyombo vya anga aliyejenga kituo cha kurushia setilaiti katika ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi. Habari za uhandisi wake zimekwisha andikwa na wengine, kwa Kiitalia na kwa Kiingereza. Sisi tunazirejea kwa kiasi kinachohitajika tu, kwa kuwa hoja yetu ni ya lugha: katika nyaraka za mradi huu kuna maneno mawili makubwa ya Kiswahili, Ungwana na Uhuru, na yote mawili yalikatwa katika kuandikwa. Namna yalivyokatwa inatufundisha jambo kuhusu nani aliandika, na nani hakuandika.

2.0 Profesa na mradi wake

Luigi Broglio alizaliwa mwaka 1911 huko Mestre, mji ulio bara ukitazamana na Venezia. Alisoma uhandisi Roma, akawa ofisa katika kikosi cha wahandisi wa jeshi la anga la Italia, na kisha akafundisha. Katika miaka ya 1950 alishika uongozi wa Shule ya Uhandisi wa Anga ya Chuo Kikuu cha Roma, akimrithi Gaetano Arturo Crocco, mmoja wa waasisi wa taaluma hiyo nchini mwake. Alikuwa basi na kofia mbili, ya profesa na ya ofisa wa jeshi, na bila kofia hizo mbili mradi wake haueleweki. Profesa alikuwa na hoja na wanafunzi. Ofisa alikuwa na vifaa na watu wanaoamriwa.

Tarehe 31 Mei 1962 Wamarekani wa NASA na Waitalia walitia sahihi hati ya maelewano, na mwezi Septemba mwaka huo huo hati ilithibitishwa na serikali za pande mbili. Marekani ingetoa roketi za aina ya Scout na mafunzo. Italia ingetengeneza setilaiti yake, ingeunda kikosi chake cha kurushia, na ingetafuta mahali karibu na ikweta. Mradi ulipewa jina la San Marco, mtakatifu wa Venezia na wa mabaharia wake. Jukwaa la kwanza lililowekwa baharini liliitwa Santa Rita, ambaye Wakatoliki wa Italia humwomba katika mambo yasiyowezekana. Mwenye kuona majahazi ya pwani yetu na maandishi ya dua kwenye tezi zake hatashangaa: mtu akikabidhi chombo kwa bahari hukipa jina la kumlinda.

Tarehe 15 Desemba 1964 setilaiti ya San Marco 1 ilirushwa toka Wallops, katika jimbo la Virginia, na kikosi cha Waitalia. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ilirushwa toka Ungwana. Tangu siku hiyo hadi tarehe 25 Machi 1988 setilaiti 9 zilipelekwa angani toka jukwaa hilo la bahari: 4 za Waitalia, 4 za Wamarekani na 1 ya Waingereza. Baada ya 1988 haikurushwa nyingine, lakini kituo cha nchi kavu kiliendelea kupokea na kufuatilia mawimbi ya vyombo vya anga. Broglio alifariki mwaka 2001, na kituo sasa kinaitwa kwa jina lake.

3.0 Mizani isiyopima uzito

Kabla ya kufika kwenye majina yetu mawili inafaa tusimame kidogo kwenye kifaa ambacho Broglio alikibuni kwa ajili ya setilaiti za San Marco, na ambacho hutajwa kwa jina lake. Kwa Kiitalia huitwa bilancia, na tafsiri inayokuja mara moja ni mizani. Je, tafsiri hiyo ni sahihi? Swali hili si la uchuuzi wa maneno. Mwalimu akikosea hapa, mwanafunzi atakielewa kifaa kinyume.

Tatizo lililomkabili Broglio lilikuwa kupima msongamano wa hewa mahali ambapo hewa ni haba mno, kilomita 200 na zaidi juu ya ardhi. Watu wa zamani zake walikadiria jambo hilo kwa kutazama jinsi setilaiti inavyopungua mwendo na kushuka mzunguko baada ya mzunguko. Njia hiyo hutoa wastani tu, kwa kuwa inajumlisha hewa yote ambayo chombo kimekutana nayo njiani. Haimwambii mtu kwamba hapa, sasa hivi, hewa ni nzito kuliko ilivyokuwa dakika kumi zilizopita.

Broglio alitengeneza setilaiti mbili katika moja. Nje kulikuwa na gamba jepesi la umbo la tufe, lenye kipenyo cha sentimita 66. Ndani kulikuwa na kiini kizito. Viwili hivyo viliungwa kwa mikono inayonyumbuka. Dunia huvuta gamba na kiini kwa namna moja, hivyo mvutano wake hauwezi kuvitenganisha. Hewa, kwa upande wake, hugusa gamba peke yake. Gamba linapoburutwa na hewa husogea kidogo sana kuelekea kiini, mikono hunyumbuka, na kiasi cha kunyumbuka hupimwa. Kutokana na kipimo hicho hupatikana mburuto, na kutokana na mburuto hupatikana msongamano wa hewa wa mahali pale na wakati ule.

Sasa turudi kwenye neno. Mizani ya sokoni hufanya kazi kwa sababu dunia huvuta vitu. Ondoa uzito, na mizani haina maana. Kifaa cha Broglio ni kinyume chake. Ubora wake wote ni kwamba uzito umejifuta, ukabaki mguso wa hewa peke yake. Kwa hoja hiyo mtu angesema mizani ni istilahi mbovu na angependekeza kitu kirefu, mathalani 'kipimamburuto'. Mwandishi wa makala haya alikuwa na maoni hayo kwa muda.

Aliyabadili kwa sababu ya ushairi. Katika Kiswahili mizani iliacha kuwa mali ya muuza nafaka zamani sana. Mshairi akisema mshororo una mizani 16 hapimi uzito wa kitu chochote. Anahesabu silabi, na anachunga kwamba kipande kimoja kisilemee kingine. Mizani katika maana hiyo ni ulinganifu wa sehemu mbili, na ndivyo ilivyo katika kifaa cha Broglio: gamba na kiini, ukwapi na utao. Kwa hiyo 'mizani ya Broglio' ni istilahi inayokubalika, madhali mwalimu awaelekeze wanafunzi wake kwenye mizani ya bahari ya ushairi, si ile ya kilo. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1967, mwaka ambao San Marco 2 ilirushwa toka Ungwana, ndio mwaka ambao Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Kazi za istilahi za fizikia zilizofuata hazikuwa zikiwazia mbingu ya kubuni; chombo cha anga kilikuwa kimekwisha paa toka mwambao huu huu.

4.0 Kwa nini Ngomeni, na si Tanga

Husemwa mara nyingi kwamba Waitalia walikuja pwani yetu kwa sababu dunia huzunguka kwa kasi zaidi kwenye ikweta na hivyo huisukuma roketi. Ni kweli, ila si kweli yote. Kwenye ikweta uso wa dunia husogea mashariki kwa takriban mita 465 kwa sekunde. Wallops, iliyo karibu na nyuzi 38 kaskazini, hupata kama mita 367. Tofauti hiyo ya karibu mita 100 ni faida kubwa kwa roketi ndogo kama Scout. Lakini tukishuka toka Ngomeni, iliyo karibu nyuzi 3 kusini, hadi Tanga au Maramba, zilizo karibu nyuzi 5, tunapoteza kama mita moja tu kwa sekunde. Kwa chombo kinachohitaji mwendo wa zaidi ya mita 7,500 kwa sekunde hicho si kitu.

Sababu nyingine mbili zina uzito zaidi. Ya kwanza ni bahari. Roketi iliyorushwa mashariki toka Tanga itakutana mara moja na kisiwa cha Pemba, na vipande vyake vinavyoanguka njiani haviwezi kuangushwa juu ya mashamba ya karafuu ya watu. Ghuba ya Ungwana imefunguka kwenye bahari kuu.

Ya pili ni umbo la mzingo. Chombo kinachorushwa moja kwa moja hakiwezi kupata mzingo ulioinama pungufu ya latitudo ya mahali kiliporushwa, isipokuwa kwa kutumia fueli nyingi ya kugeuza njia. Toka nyuzi 3 hupatikana mzingo ulioinama nyuzi 3, yaani unaokaribia kuikumbatia ikweta. Mzingo wa namna hiyo, ukiwa wa chini, hupita pembezoni tu mwa eneo la Atlantiki ya Kusini ambako mikanda ya mionzi inayoizunguka dunia hushuka chini mno. Kwa mtu anayetaka kupima eksirei hafifu za nyota, mionzi hiyo ni kama kelele za sokoni kwa mtu anayesikiliza mnong'ono. Ndiyo maana Wamarekani, wenye viwanja vyao vya kurushia, waliomba kurushiwa setilaiti yao na Waitalia katika maji ya Kenya.

5.0 Ungwana bila U

Ghuba iliyochaguliwa ina majina. Katika ramani za wageni iliitwa Formosa, neno la Kireno lenye maana ya nzuri. Wenyeji huiita Ungwana, jina la mji wa kale ambao magofu yake yako karibu na Kipini, kwenye mlango wa Tana, na ambayo James Kirkman aliyachimba na kuyaandikia kitabu. Katika maandishi kadhaa ya Kiingereza yanayoeleza kituo cha San Marco jina hili limeandikwa 'Ngwana'. U imedondoka.

Kwa mwanaisimu kudondoka huko kunavutia, kwa sababu hakukutokea mahali popote tu. Kulitokea kwenye mpaka wa mofimu. Leo katika Kiswahili sanifu tunasema muungwana, waungwana, uungwana, na shina tunalichukua kuwa -ungwana. Lakini umbo la zamani zaidi lilikuwa na shina -ngwana. Ushahidi ni neno wangwana, lililoenea katika maandishi ya wasafiri wa karne ya 19 kwa maana ya watu wa pwani wasio watumwa waliofuatana na misafara, na neno Kingwana, jina la Kiswahili cha mashariki ya Kongo, lugha ya hao wangwana. Katika umbo hilo la zamani u-ngwana ni dhana, yaani hali ya kuwa mngwana. Mzungu aliyeandika 'Ngwana' aliondoa kiambishi ngeli akaacha shina, bila ya kukusudia. Kama jina la mji lilizaliwa na dhana hiyo au vinginevyo ni mjadala wa wataalamu wa majina ya mahali. Kwa hoja yetu inatosha kwamba msemaji wa Kiswahili alisikiapo Ungwana husikia neno hilo.

Na neno hilo halikuwa jepesi. Siku hizi uungwana ni adabu: mtu humpisha mwenziwe mlangoni akaambiwa 'wewe muungwana'. Zamani lilikuwa tabaka. Mngwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, mwana wa watu wanaojulikana, na kinyume chake kilikuwa mtumwa. Malindi na Mambrui za karne ya 19 zilikuwa nchi za mashamba makubwa ya mtama na ufuta yaliyolimwa kwa jasho la watumwa, na bara yake ilijaa vijiji vya watoro. Katika nchi kama hiyo kuitwa mngwana kulikuwa ni kuwekwa upande mmoja wa mstari.

6.0 U bila huru

Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Scout iliruka toka jukwaa la San Marco ikiwa imebeba setilaiti ya Kimarekani iliyoitwa hadi wakati huo kwa herufi tu, SAS-A. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha mwaka wa 7 wa uhuru wake. Marjorie Townsend, aliyekuwa akisimamia mradi wa setilaiti hiyo kwa upande wa NASA, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya nchi iliyowakaribisha. Setilaiti hiyo ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya unajimu wa eksirei peke yake. Awali ya hapo wanasayansi walitegemea maputo, na roketi zilizokaa juu ya hewa kwa dakika chache kisha zikaanguka. Uhuru ilipekua anga kwa zaidi ya miaka miwili, hadi Machi 1973.

Matokeo yake yalibadili unajimu. Chanzo cha Centaurus X-3 kilionekana kikipiga kwa mdundo wa sekunde 4.8, na ikafahamika kwamba ni nyota ya nyutroni inayonyonya gesi ya nyota mwenzake. Mabadiliko ya haraka ya Cygnus X-1 yalisaidia kuifanya iwe mgombea wa kwanza wa kweli wa jina la shimo jeusi. Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyeongoza upande wa sayansi, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Vyanzo vilivyogunduliwa vilipangwa katika orodha zilizoitwa kwa jina la setilaiti: 2U ya mwaka 1972 yenye vyanzo 125, 3U ya 1974 yenye 161, na 4U ya 1978 yenye 339. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomfikia mwalimu wa Maramba.

Tutazame kilichotokea kwa neno. Uhuru ni kiambishi u- na shina huru, lililotoka Kiarabu. Watunga orodha walichukua herufi ya kwanza kama ilivyo desturi ya vifupisho, na kwa vile neno ni la Kiswahili, herufi ya kwanza ni kiambishi ngeli chenyewe. Shina lenye maana limeachwa, kikabaki kiambishi ambacho peke yake hakina la kusema. Hivyo katika nyaraka za mradi mmoja ghuba ilipoteza kiambishi ikabaki na shina, na setilaiti ikapoteza shina ikabaki na kiambishi. Mtu akitaka kufanya mzaha angesema U iliyodondoka baharini iliokotwa angani.

Lakini maneno haya mawili hayana maana moja, na hapa ndipo penye uzito. Ungwana, katika maana yake ya zamani, ni hali ambayo mtu alizaliwa nayo. Huru alikuwa mtu aliyeachwa huru. Katika Kiswahili cha wakati huo mahuru walikuwa watumwa waliokombolewa, si mabwana zao. Mngwana hakuhitaji karatasi ya kuthibitisha alivyo. Huru aliihitaji, na aliikunja na kuitunza, kwa kuwa yule aliyempa angeweza kufa na warithi wakakana. Sheria zilipokuja zilikuja kwa zamu: Unguja na Pemba 1897, mwambao wa Kenya 1907, Tanganyika 1922. Wapigania uhuru wa miaka ya 1950 walipohitaji neno la siasa hawakuchukua ungwana. Walichukua uhuru, neno la waliokuwa wamefungwa, na uteuzi huo ulikuwa wa haki. Ungwana ungewagawa watu kabla hawajakusanyika. Mwaka 1961 neno likapandishwa juu ya Kilimanjaro pamoja na mwenge. Mwaka 1970 likapanda zaidi, toka ghuba yenye jina la tabaka ambalo neno hilo lilikuwa limeliondolea ukuu.

Mazingira ya kisiasa ya ghuba yenyewe yanaongeza utata. Hati ya maelewano ilipotiwa sahihi mwaka 1962, Ngomeni haikuwa sehemu ya koloni la Kenya kwa sheria. Ilikuwa ndani ya ukanda wa maili 10, mwambao wa Sultani wa Zanzibar uliotawaliwa na Waingereza kwa niaba yake, toka mto Umba karibu na Vanga hadi Kipini. Maramba iko kusini kidogo tu ya mwanzo wa ukanda huo; Wadigo wanaishi pande zote mbili za mstari. Sultani aliuachia ukanda kwa mapatano ya Oktoba 1963, majuma machache kabla ya bendera ya Kenya kupandishwa, na si wote wa mwambao walioridhika. Kwa hiyo neno lililopewa setilaiti lilikuwa, kwa baadhi ya wasikilizaji wake wa karibu zaidi, neno lenye mjadala. Aliyelitoa kama zawadi hakuwa na sababu ya kulijua hilo.

7.0 Nyaraka zilizoandikwa na zisizoandikwa

Mtafiti anayetaka kuisoma kazi ya Broglio ana pa kuanzia. Historia za NASA zinaeleza mapatano na marusho. Nyaraka za taasisi za anga za Ulaya, ambazo Italia ilishiriki kuziunda, zimehifadhiwa katika hifadhi ya historia ya Umoja wa Ulaya iliyoko Florence. Wanahistoria wa Kiitalia wameandika kwa kirefu kuhusu siasa za mradi. Orodha za Uhuru zimechapishwa na zinasomwa hadi leo. Mwanafunzi wa shahada ya pili wa Kiswahili asizikimbie nyaraka hizi kwa kudhani ni za wahandisi. Zimejaa majina ya mahali petu, na jina la mahali lililoandikwa na mgeni ni data ya fonolojia.

Ila ripoti ya kiufundi hupima hewa, haipimi maneno. Majukwaa hayo yalisimama kwa miguu ya chuma kwenye mchanga wa bahari, yakaungwa kwa nyaya zilizopita chini ya maji, na hakuna kilichofika huko bila boti. Penye boti pana nahodha na baharia, penye ghala pana mpagazi, penye jiko pana mpishi. Watu wa Ngomeni na Malindi hadi leo huita mahali hapo San Marco, kana kwamba ni jina la mtaa. Kiswahili kilichosemwa kati ya boti na jukwaa kwa zaidi ya miaka 20 ndicho pengo kubwa la nyaraka hizi.

Maswali ya kuuliza ni ya kawaida katika uga wetu. Roketi ilirushwa, au ilifyatuliwa? Magazeti yamezoea kurusha, kitenzi cha jiwe na cha tiara. Kufyatua ni kitenzi cha mtego na cha bunduki, na mtu aliyeusikia mshindo ule toka ufukweni huenda alikuwa na sababu ya kulipenda hilo la pili. Jukwaa liliitwa jukwaa, au daraja, au gati? Hesabu ya kurudi nyuma, ile ya kumi, tisa, nane, ilipewa jina gani na watu waliozoea kuhesabu maji kujaa na kupwa? Maneno ya Kiitalia yaliyoingia katika Kiswahili cha Malindi hutajwa leo kuwa matunda ya utalii. Lakini Waitalia wa jukwaa walitangulia mahoteli mengi, na inawezekana kabisa kwamba baadhi ya maneno hayo yaliingia kwa mlango wa karakana. Uchunguzi wa namna hiyo hauhitaji mitambo. Unahitaji kinasasauti, nauli na subira.

Unahitaji pia haraka. Baharia aliyekuwa na miaka 20 San Marco 2 iliporushwa alizaliwa mwaka 1947.

Mambo yamesogea tangu hapo. Mwaka 2016 Kenya na Italia zilitia sahihi mapatano mapya ya kituo huko Trento. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na chuo kile kile cha Broglio, iliachiwa toka kituo cha kimataifa cha anga, ikiwa na jina la herufi na tarakimu, 1KUNS-PF. Mwaka 2023 ilifuata nyingine iliyorushwa toka Marekani, na hii ikapewa neno zima: Taifa-1. Safari hii jina lilitolewa na wenyewe.

Mwalimu wa Maramba aliporudi darasani aliandika ubaoni 4U, akawauliza wanafunzi ni nini. Mmoja akajibu kuwa ni ngeli.

Pindi hojaji ya Ngomeni itakapotayarishwa, mwandishi angependekeza ianze na asubuhi ya tarehe 12 Desemba 1970: wewe ulikuwa wapi, na ulipoambiwa kile chuma kimeitwa Uhuru, ulisema nini, kwa maneno gani hasa?